Kugeuza nyumba ya kuishi kuwa kituo cha kulea watoto: ni idhini zipi zinazotangulia?

MamaWawili

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba mwongozo wa wenye ujuzi kabla sijatia sahihi mkataba wa pango. Nimepata nyumba ya ghorofa moja iliyokuwa ikikaliwa na familia, nami nakusudia kuipanga kwa miaka 5 ili chini niweke kituo cha kulea watoto wa umri wa miezi 6 hadi miaka 4, na juu niweke ofisi pamoja na stoo ya vitabu, karatasi na magodoro ya akiba. Sehemu ya chini ina takriban mita za mraba 100, na ninatarajia kupokea watoto wapatao 25 pamoja na walezi wao.

Mwenye nyumba anashikilia kwamba, kwa kuwa sibomoi ukuta wala siongezi chumba, hakuna kibali cha kutafuta isipokuwa leseni ya biashara. Anasema nyumba ni yake, naye ameshaniruhusu. Fundi niliyemwita kukagua mabomba amesema hivyo hivyo.

Je, kubadilisha matumizi peke yake, bila ujenzi wowote, kunahitaji idhini? Ikiwa ndivyo, ni idhini zipi, hutolewa na nani, na ipi itangulie ili nisilipie ya mwisho halafu nikakataliwa ya kwanza? Natambua kwamba sheria za nchi moja si za nchi nyingine. Ninachotafuta ni kuuelewa mfumo wenyewe, ili nikifika ofisini nijue la kuuliza.

RulaNaPenseli

Dada MamaWawili, umefanya vyema kuuliza kabla ya kutia sahihi. Mimi ni msanifu majengo, na kazi za kubadilisha matumizi zimenipitia mikononi kwa wingi kuliko majengo mapya. Jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo: katika nchi nyingi zenye sheria ya mipango miji, mabadiliko ya matumizi yanayoonekana kuwa makubwa huhesabiwa kuwa ni uendelezaji unaohitaji idhini, hata kama hakuna tofali lililoguswa. Mwenye nyumba wako anachanganya kibali cha ujenzi, ambacho kweli hufuata nyundo na zege, na idhini ya matumizi, ambayo hufuata shughuli.

Mamlaka hujiuliza maswali mawili yasiyofanana, na mara nyingi huyauliza katika ofisi mbili zisizozungumza. La kwanza linahusu mahali: je, shughuli hii inaruhusiwa kwenye kiwanja hiki kwa mujibu wa mpango wa eneo? Hapa afisa mipango hatazami kabisa ngazi zako wala vyoo vyako. Anatazama barabara, majirani, kelele, na hasa magari. Watoto 25 wanaoletwa ndani ya nusu saa moja asubuhi si sawa na familia moja inayotoka nyumbani kila mtu kwa wakati wake, na katika mtaa mwembamba jambo hilo pekee linaweza kuliua ombi. Andaa maelezo ya mahali magari yatakaposimama, saa za kufungua na kufunga, na upande ambao watoto watachezea, kabla hujaulizwa.

Swali la pili linahusu jengo lenyewe: je, linafaa kwa watu watakaokuwamo? Kanuni za majengo huyagawa majengo kwa makundi kufuatana na matumizi, na kila kundi lina masharti yake ya moto, hewa, vyoo na njia za kutokea. Jengo linapohama kundi, hupimwa kwa masharti ya kundi jipya, si yale lililojengewa. Nikupe mfano wa hesabu. Katika kanuni ya kimataifa ya majengo inayofuatwa na sehemu kubwa ya Marekani, nyumba ya kuishi hukadiriwa kuwa na mtu mmoja kwa kila mita za mraba 18.6 za sakafu yote, ilhali kituo cha kulea watoto hukadiriwa mtu mmoja kwa kila mita za mraba 3.25 za nafasi halisi ya chumba, bila kuhesabu kuta na korido. Kwa mita zako 100, nyumba ile ile inatoka katika watu 5 au 6 na kuingia kwenye watu zaidi ya 20 hata baada ya kutoa korido na vyoo. Milango ni ile ile, ngazi ni ile ile, lakini kwa jicho la mkaguzi hilo si jengo lile.

Kuna nafuu moja ambayo watu wengi hawaijui. Mabadiliko yaliyo ndani ya kundi moja la mipango huenda yasihitaji idhini ya mipango hata kidogo. England, kwa mfano, tangu tarehe 1 Septemba 2020 maduka, ofisi, zahanati na vituo vya kulea watoto vimewekwa katika kundi moja, hivi kwamba aliyekuwa na ofisi anaweza kufungua kituo cha watoto bila kuomba idhini ya mipango, ingawa kanuni za majengo na za moto zinaendelea kumbana. Nyumba ya kuishi haimo katika kundi hilo. Ukipata ofisi ya zamani mahali panapofaa, linganisha gharama zake na za nyumba hiyo kabla hujaamua. Pango kubwa zaidi linaweza kuwa nafuu kuliko miezi ya kusubiri.

Nondo12

Namuunga mkono msanifu, ila mimi nimesimama kwenye hiyo stoo ya juu.

Sakafu ya nyumba ya kuishi hubuniwa kwa uzito wa watu na samani za kawaida. Katika viwango vya Ulaya, sakafu ya makazi huwekewa uwezo wa kubeba takriban kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba, ofisi 200 hadi 300, na eneo la kuhifadhia mizigo hufika takriban kilo 750. Ofisi yako yenye meza mbili na kabati haitaleta taabu. Lakini karatasi ni nzito mno: rafu za vitabu zilizopangwa ukuta kwa ukuta hadi darini huivuka sakafu ya nyumba ya kuishi pasipo mtu kugundua, kwa sababu sakafu haipigi kelele siku ya kwanza. Hupinda kidogo kidogo, nyufa zikaanza kwenye dari ya chini, na dari hiyo ndiyo iliyo juu ya vitanda vya watoto wako.

Jambo la pili ni maji. Kituo kitatumia maji mengi kuliko familia, na mtu wa kwanza atakayekushauri atakwambia uweke tangi juu ya paa la zege. Lita moja ni kilo moja. Tangi la lita 2,000 ni tani 2 zilizosimama juu ya duara dogo. Liweke chini, juu ya msingi wake, utumie pampu.

Ofisi zikikudai ripoti ya mhandisi, usione kwamba unasumbuliwa. Duka kubwa la Sampoong mjini Seoul, lililoporomoka tarehe 29 Juni 1995 na kuua watu 502, lilikusudiwa awali kuwa jengo la namna nyingine, likageuzwa kuwa duka wakati ujenzi ukiendelea. Nguzo zilikatwa kupisha ngazi za umeme, ghorofa ya tano iliyoongezwa ikawa ya mikahawa yenye sakafu nzito ya kupashwa joto, na mitambo ya kupoza hewa ikapandishwa juu ya paa. Karatasi zilikuwapo: miongoni mwa waliotiwa hatiani baadaye walikuwamo maofisa waliopokea rushwa ili waidhinishe mabadiliko hayo. Kwa hiyo mimi humwambia mteja kwamba anahitaji vitu viwili, hesabu na muhuri, na kwamba muhuri haubebi zege.

Nyumba yako haifanani na Sampoong kwa ukubwa, lakini utaratibu wa kosa ni ule ule: uzito mpya unaingia katika jengo lililohesabiwa kwa uzito mwingine. Tafuta michoro ya awali ya miundo. Isipopatikana, mhandisi atapima unene wa sakafu, urefu wa mihimili na mahali nondo zilipo kwa kifaa maalumu, kisha akuandikie sakafu inabeba nini. Au ondoa stoo juu, uipeleke chini, na suala hili litakuwa dogo.

KaribuTena

Wakuu, mnamtisha dada yetu bure. Vituo vya watoto vilivyo ndani ya nyumba za kuishi vimejaa kila mji, na vingi vilianza kimya kimya, vikapata wateja, ndipo vikaurasimisha mradi. Akianza kuzunguka ofisi zote hizo sasa, pesa ya mtaji itaisha kabla mtoto wa kwanza hajaingia. Ushauri wangu ni kwamba aanze na watoto 6 au 7, aone soko, kisha vibali vifuate. Hata sheria za nchi kadhaa zinaruhusu kuomba idhini baada ya tendo.

WakiliWaJioni

Ndugu KaribuTena, sehemu moja ya maneno yako ni sahihi na ningependa niianzie hapo. Katika sheria za mahali kwingi, kulea watoto wachache nyumbani, kwa mtu anayeishi humo, huhesabiwa kuwa shughuli ndogo isiyobadilisha sura ya makazi, na masharti yake ni mepesi. Lakini dada yetu hataishi humo. Nyumba yote itakuwa ya biashara, na hata wakiwa watoto 6 nafuu hiyo huenda isimfikie.

Kuhusu kuomba idhini baada ya tendo, ni kweli kwamba njia hiyo ipo katika nchi kadhaa. Hata hivyo, mwombaji wa namna hiyo hapewi upendeleo wowote kwa kuwa ameshaanza. Ombi lake hupimwa kama la mwingine, naye akikataliwa huweza kuamriwa asimamishe shughuli na kurejesha jengo katika matumizi ya awali kwa gharama yake. Wakati huo atakuwa na walezi wenye mikataba na wazazi waliolipa ada. Tena kuna bima. Mkataba wa bima ya nyumba hutaja matumizi ya jengo, na kubadilisha matumizi bila kuijulisha kampuni ya bima huipa sababu ya kukataa madai siku ya ajali. Sidhani kama kuna mtu anayetaka kugundua hilo akiwa na watoto wa wenzake mikononi.

Sasa narudi kwa MamaWawili, kwa sababu kuna tabaka la tatu ambalo wasanifu na wahandisi hulisahau kwa kuwa haliko mikononi mwao. Idhini ya mamlaka haiondoi makatazo ya kibinafsi. Hati ya kiwanja inaweza kuwa na sharti la makazi pekee, na sharti hilo hubadilishwa na mamlaka ya ardhi, si na ofisi ya mipango. Ikiwa mwenye nyumba ameweka rehani benki, mkataba wa rehani kwa kawaida humtaka apate ridhaa ya benki kabla ya kubadilisha matumizi. Ikiwa nyumba imo ndani ya mtaa wenye ushirika wa wamiliki, kanuni za ushirika nazo zisomwe. Mwombe akuonyeshe hati na akujibu kwa maandishi kama kuna rehani. Akikwepa, hilo nalo ni jibu.

Na huo mkataba wa miaka 5 usiutie sahihi kama ulivyo. Kinachohitajika ni kifungu kinachosema kwamba pango litaanza kuhesabiwa pale tu idhini ya matumizi itakapotolewa, na kwamba ikikataliwa, au isipotolewa ndani ya muda mtakaokubaliana, mkataba unakufa na amana inarudi. Kiongezwe kingine kinachomtaja nani analipia milango mipya, vizima moto na vyoo, na kama vitabaki kuwa mali yake mwishoni. Mwenye nyumba aliyesema kwamba hakuna kibali kinachohitajika hana sababu ya kukipinga kifungu hicho, kwani kwa maneno yake mwenyewe hakitamgharimu chochote.

KoplaMstaafu

Nilifanya kazi ya ukaguzi wa zimamoto. Nimesoma yote, naongeza ya kwangu.

Mtoto wa miezi 6 hatembei. Hilo ndilo linalokitenga kituo chako na shule au duka. Njia za kutokea katika majengo mengi hupangwa kwa kudhani kwamba kila mtu atajitoa mwenyewe akisikia king'ora. Kwako wewe, kila mlezi atabeba watoto wawili, labda watatu, kisha atarudi. Kwa hiyo usishangae mkaguzi akikwambia watoto wachanga wakae kwenye chumba chenye mlango wa moja kwa moja kwenda nje, au akikupunguzia idadi ya watoto kutoka 25 hadi anayoona kwamba walezi wako wanaweza kuwatoa. Wazo lako la kuwaweka chini ni jema, na usije ukashawishika kuwahamishia juu nafasi ikibana.

Mkaguzi akiingia katika nyumba iliyokuwa ya kuishi, haya ndiyo hutazama mwanzo. Madirisha yana nondo? Nyumba nyingi zina nondo za kuzuia wezi zilizochomelewa moja kwa moja, na dirisha la namna hiyo halihesabiwi kuwa njia ya kutokea. Ngazi iko wazi katikati ya nyumba? Moshi hupanda kwa njia hiyo, na watu wa ofisini juu hawatakuwa na pa kushukia, kwa hiyo huenda ukatakiwa kuizungushia ukuta na mlango unaostahimili moto. Mlango mkuu unafungukia ndani? Katika kanuni ya Marekani aliyoitaja msanifu, chumba kinachohesabiwa kuwa cha watu 50 au zaidi lazima milango yake ifunguke kuelekea kule watu wanakokimbilia; wewe hujafika idadi hiyo, lakini mimi ningeubadilisha hata hivyo. Jiko la gesi liko wapi? Nyaya za umeme ni za enzi gani? Hili la mwisho hupuuzwa sana, ingawa kituo kitawasha vipasha chakula, mashine ya kufua na vipoza hewa kwa pamoja.

Oakland, California, tarehe 2 Desemba 2016, ghala lililokuwa limegeuzwa makazi na ukumbi wa muziki bila vibali liliungua na watu 36 wakafa. Ndani mlikuwa na vizuizi vya mbao na samani kila upande, na ngazi ambayo mgeni hakuweza kuiona gizani. Hapakuwa na vinyunyizio vya maji. Ghala hilo lilibaki ghala kwenye karatasi, na jengo ambalo karatasi zake zinasema ni ghala hakuna anayeliendea kulikagua kama makazi.

MamaWawili

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimemwandikia mwenye nyumba kuhusu hati na rehani, na stoo nimeamua kuishusha chini. Yamebaki maswali mawili. Ofisi ya biashara imenijibu kwamba naweza kupewa leseni ndani ya siku chache kwa kuwasilisha mkataba wa pango na kitambulisho. Je, leseni hiyo si uthibitisho kwamba serikali imekubali matumizi? Na utaratibu wa hatua, kwa mtu mwenye mtaji mdogo kama mimi, uweje?

WakiliWaJioni

Si uthibitisho. Leseni ya biashara inakuhusu wewe na kodi yako. Idhini ya matumizi inahusu jengo na kiwanja, na kwa kawaida hubaki na jengo hata wewe ukihama. Afisa wa leseni huenda hajawahi kuona mpango wa eneo. Kuwa na leseni hakutakukinga na amri ya kufunga kutoka ofisi nyingine, na utetezi kwamba ofisi moja ilipokea ada yako haufiki mbali.

RulaNaPenseli

Dada, kwa mtaji mdogo, anza na hatua zisizo na gharama kubwa ambazo zina uwezo wa kuusimamisha mradi mzima. Nenda ofisi ya mipango ukaombe ushauri wa awali, na uombe ujibiwe kwa maandishi. Beba mchoro wa kiwanja unaoonyesha barabara na nyumba za jirani, mchoro wa vyumba ulivyo sasa wenye vipimo, na ukurasa mmoja unaoeleza idadi ya watoto, walezi, saa na magari. Uliza nyumba imeandikwaje katika mpango, kituo cha watoto kinahesabiwa kundi gani, na kama ombi litatangazwa kwa majirani. Kama litatangazwa, watembelee majirani wewe mwenyewe kabla tangazo halijabandikwa. Pingamizi nyingi nilizoziona ziliandikwa na watu waliojua habari kupitia karatasi iliyobandikwa kwenye geti.

Jibu hilo likiwa na matumaini, ndipo ulipie mhandisi na mtu wa zimamoto wapite kwa siku moja, kabla ya michoro kamili. Wakikuta jambo zito, kama ngazi isiyoweza kuzungushiwa ukuta, utakuwa umepoteza fedha kidogo. Baada ya hapo huja ombi la idhini ya matumizi lenyewe, likiwa na ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Kisha kibali cha ujenzi kwa marekebisho yatakayohitajika, kwa maana kufikia hapo utagundua kwamba ujenzi upo: milango, vyoo vya watoto, njia ya mteremko kwa viti vya magurudumu, ambayo viwango vingi huitaka ipande si zaidi ya sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu. Bwana afya atatazama vyoo, jiko na maji taka. Shimo lililochimbwa kwa ajili ya familia moja linaweza kuhitaji kupanuliwa. Kama nyumba ni ya zamani, pimisha asbesto, yaani nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, kabla fundi hajagusa dari wala mabomba.

Cheti cha kuruhusu jengo kutumika hutolewa mwishoni, baada ya ukaguzi, na leseni ya kulea watoto kutoka kwa mamlaka ya ustawi wa jamii mara nyingi hukisubiri. Hata hivyo usingoje hadi mwisho kuzisoma kanuni za leseni hiyo. Zina vipimo vyao vya nafasi kwa kila mtoto na idadi ya walezi, na vikiwa vikali kuliko vya jengo, hivyo ndivyo vitakavyoamua kama watoto 25 wanaingia au la. Fanya hesabu hiyo wiki hii, kabla ya kumlipa yeyote kati yetu.

MamaWawili

Nimeifanya usiku huu kwa kanuni za huku kwetu. Nikitoa korido, jiko na stoo niliyoishusha, wanaingia 18. Kesho nakwenda ofisi ya mipango na idadi hiyo, na nimemwomba mwenye nyumba tuirudie bei ya pango.